Unga wa Mawe katika Bwawa la Mwasenga

Sajini Bernardo Masolwa alikuwa na kesi iliyokwisha kabla haijaanza, na hakuna kitu askari kanzu anachokichukia kama hicho. Mshitakiwa amekamatwa, kidhibiti kimo kabatini, mashahidi wapo, na Bwana Shauri ataisikiliza Jumatatu asubuhi na kuimaliza kabla chai yake haijapoa. Kosa: kutia utupa, majani ya sumu ya samaki, katika bwawa la Mwasenga na kuua samaki wanaolisha kijiji kizima. Mshitakiwa: Pelagia, mjane, mkulima wa mtama na karanga. Jambo moja tu halikuandikwa popote. Pelagia alikuwa mama mkwe wa sajini mwenyewe.

Inspekta hakuuliza, na Bernardo hakusema. Inspekta alikuwa Mwingereza mgeni, ameletwa Tabora mwaka ule ule wa thelathini na saba, na masikioni mwake majina ya Wanyamwezi yote yalikuwa kelele moja. Alimkabidhi Bernardo faili kwa sababu Bernardo anaijua njia ya Goweko inayopita Mwasenga. Bernardo akalipokea, akapiga saluti, akatoka nje uso umemshuka. Angefungua kinywa pale pale, yangekwisha. Lakini utamwambiaje Mzungu kwamba mwanamke uliyemfungia nyuma ya ofisi yake ndiye aliyekuzalia mke? Siku ya kwanza alishindwa kwa aibu, na siku ya pili alishindwa kwa sababu alikuwa ameshashindwa siku ya kwanza.

Tena si aibu ya mahabusu tu. Mnyamwezi na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawakai mkeka mmoja, hawatajani majina, na wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa tatu. Bernardo alikuwa amebatizwa, amesoma misheni, anavaa viatu vya serikali, na tangu amuoe Koleta hakuwa amepata kuiona sura ya mama yake Koleta. Alimjua kwa kaniki yake, kwa mwendo na kwa kikohozi. Basi ilipofika zamu ya kumhoji, alimtuma Konstebo Shaban aingie, yeye akakaa upande wa pili wa ukuta na kusikiliza kama mwizi.

Shaban alikuwa mtoto wa Gongoni, pale pale mjini Tabora, baba yake fundi cherehani, na mambo ya Wanyamwezi na wakwe zao yalikuwa kwake kichekesho cha kila siku. "Nyinyi mna mambo," alisema alipotoka. "Mkwe wako umempa chumba, chakula na mlinzi mlangoni, halafu kumwamkia tu ndiyo umeshindwa." Bernardo hakucheka. Akamwambia asome alichokiandika.

Hakikuwa kingi. Pelagia alikubali kwamba kapu lililokamatwa ni lake. Alikubali kwamba majani yaliyokuwemo ni utupa, akasema alikuwa anawapelekea ndama wa kaka yake waoshwe kupe, na kweli kila mfugaji wa upande ule anawaosha hivyo. Alikubali kwamba asubuhi ile aliiacha njia akaingia mateteni mwa bwawa, akajificha. Shaban akamuuliza kwa nini alijificha. Kimya. Akamuuliza tena kwa upole, akamuuliza kwa ukali, akamuuliza kwa kumbembeleza kama mtoto. Yule mama alisema, "Niliteremka, basi," na baada ya hapo hakusema neno jingine.

Hapo ndipo kesi ilipokaa vibaya. Mtu mwenye kapu la sumu anajificha kando ya maji, samaki wanaelea, na yeye hataki kusema alikuwa anafanya nini. Bernardo mwenyewe amewapeleka watu jela kwa machache kuliko hayo.

Nyumbani Koleta alikuwa hasemi naye. Alimwekea ugali, akamwekea maji ya kunawa, akaondoka. Usiku wa Alhamisi ndipo aliposimama mlangoni, akaongea akiwa amempa mgongo. "Akifungwa, atakufa huko ndani. Akiachiliwa bila sababu ya samaki kufa kujulikana, Mwasenga watasema ni mchawi, na wewe unajua mchawi anafanywa nini Mwasenga. Nataka mama yangu atoke na jina lake." Kisha akaenda kulala kwa watoto.

Kulipokucha Bernardo na Shaban walikuwa juu ya baiskeli. Njia ilikuwa ile ya misafara ya zamani. Wapagazi waliikanyaga na pembe za ndovu mabegani mpaka ikazama chini ya majani, na ingawa siku hizi gari moshi linapita upande wa pili, watu wa vijijini hawajaiacha. Mwasenga ilikuwa mojawapo ya kambi zao kwa ajili ya bwawa. Maji yale hayakauki hata kiangazi cha namna gani, na ndani yake kuna samaki, na chini kuna kombe wa magamba mawili ambao akina mama huwaokota kwa vidole vya miguu na kuwachemsha kwa chumvi.

Harufu iliwapokea kabla ya watu. Mwanangwa, mkuu wa kijiji, mzee Mayala, alikuwa ameshasikia wanakuja, naye alikuwa amevaa koti. Bernardo akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, na wakateremka pamoja hadi ukingoni. Mayala alionyesha kila kitu kwa mkono, kama mtu anayegawa mashamba: samaki walianza kuelea pale, kapu lilikamatwa kule njiani, mwanamke alijificha kwenye matete yale. Alipolitaja jina la Pelagia alitema mate pembeni.

"Samaki waliacha lini kufa?" Bernardo aliuliza.

Mayala akasema hawajaacha. Leo asubuhi wameokotwa wengine.

Shaban alikuwa anapangusa jasho shingoni, mkono ukasimama. Mtu yeyote aliyekulia karibu na maji anajua kwamba utupa ni kazi ya siku moja. Unatwangwa, unatiwa, samaki wanalewa, wanaokotwa, wanaliwa, na kesho yake maji ni maji. Pelagia alikuwa mahabusu tangu Jumanne, na samaki walikuwa bado wanakufa. Bernardo alivua viatu vya serikali, akakunja suruali, akaingia majini.

Tope la bwawa analijua tangu utotoni: jeusi, zito, lina mizizi. Hili lilikuwa la kijivu, laini kama unga wa muhogo, linateleza katikati ya vidole. Alipopiga hatua lilitimka na kuyafanya maji kuwa uji. Chini yake nyayo zake zilikuwa zinakanyaga kombe, na wote walikuwa wazi. Kombe mzima ukimkanyaga hufunga. Hawa walibaki wametanua kama midomo ya waliolala. Akainama, akamtoa mmoja, akampasua kwa kisu. Ndani hapakuwa na nyama. Palikuwa na unga wa kijivu umejaa mpaka juu.

Akampasua wa pili na wa tatu. Vilevile. Kisha akamtaka Shaban amletee samaki aliyekufa asubuhi ile, akamfunua shavu. Ile nyama nyekundu ya kupumulia ilikuwa imepakwa unga ule ule, kama ukuta uliosiribwa chokaa.

Kabla ya kurudishwa Tabora Bernardo aliwahi kupangiwa Tanga, na huko alipeleleza kesi ya watu waliotia utupa mwambani. Siku ile alipelekwa kwenye miamba maji yakiwa yametoka, akaonyeshwa matumbawe, akaambiwa haya si mawe, haya yana uhai. Mtoto wa bara, alichukua muda kuamini. Lakini aliona kwa macho yake: utupa umepita, samaki wamekufa wote, na matumbawe yamebaki na rangi zake, kila moja na kidomo chake kidogo. Halafu wakampeleka mwendo mfupi upande wa mlango wa mto, ambako mvua ilikuwa inashusha udongo wa mashamba makubwa ya mkonge. Huko samaki walikuwa wamehama zamani, na matumbawe yamefunikwa tope, yamekufa yote, ukiyagusa yanavunjika kama kaa la moto lililozimika. Watu wawili walikwenda jela kwa ajili ya utupa. Kwa ajili ya tope hakwenda mtu.

"Utupa unamkamata anayeogelea," alimwambia Shaban, akimpa kombe mkononi. "Huyu anayekaa chini hufunga mlango wake, akangoja upite. Sasa mtazame. Amekufa na tope mdomoni. Kilichomuua kilishuka polepole, leo kidogo na kesho kidogo, mpaka kikamfukia. Kapu moja la majani haliwezi kufanya hivi."

"Basi kimetoka wapi?" aliuliza Shaban.

Hilo halikuhitaji upelelezi, lilihitaji miguu. Ule ukijivu ulikuwa mwembamba karibu na matete na mzito upande wa juu, pale kijito kinapoingia. Wakakifuata. Kijito kilikuwa na matawi mawili: moja lilikuwa safi mpaka mchanga unaonekana, na humo walikuta kombe wazima wanaofunga kwa hasira ukiwagusa. Jingine lilikuwa uji mtupu. Na hilo la uji halikuwa kijito. Lilikuwa mfereji, umechimbwa kwa jembe, kingo zake bado mbichi. Wakaupanda mfereji, na kadiri walivyopanda walianza kusikia mapigo: du, du, du, kama wanawake wengi wanaotwanga kwa zamu moja.

Ulikuwa mgodi mdogo wa dhahabu wa Mzungu mmoja ambaye watu wa huko walimwita Bwana Kinu, kwa sababu ya mashine yake ya kuponda mawe. Mwenyewe alikuwa amekwenda Nzega kununua vifaa. Mashine ilikuwa inaponda mawe meupe mpaka yanakuwa unga, maji yanapitishwa juu ya unga kutafuta dhahabu, na kilichobaki chote kinamwagwa kwenye mfereji. Bernardo alichota ule uji katika chupa, akaiziba. Unga wa mawe. Hauna harufu wala ukali wowote, na ndiyo maana hakuna aliyeufikiria. Watu wanatafuta sumu, na hii haikuwa sumu. Ilikuwa vumbi tu, lililokwenda kukaa pale ambapo viumbe vinapumulia.

Mzee Mayala alikuwa amewafuata mpaka pale, ingawa kila hatua ilikuwa inamwia nzito. Bernardo alimuuliza nani alitoa ruhusa mfereji upite katika ardhi ya kijiji. Mzee akayatazama majani. Shaban akamrudia swali, maana Shaban hana staha nyingi katika mambo ya kazi.

"Alinipa blanketi," alisema Mayala. "Na taa."

Akasema hakujua kwamba maji yatakuwa namna ile. Alipojua, samaki walikuwa wameshaanza kufa, na watu walikuwa wamesimama mlangoni kwake wanataka kujua nani amewafanyia hivi. Angewaambia nini? Na yule mama alikuwa ameonekana. Akashika vifungo vya koti lake kimoja baada ya kingine. Ukimwona mtu mzima namna ile unataka kuangalia kando, na Bernardo aliangalia kando. Alikuwa hodari sana wa kuangalia kando, kama itakavyoonekana.

"Ameonekana na nani?" aliuliza.

Na mke wa jirani, Apolinaria. Huyo ndiye shahidi mkubwa wa Jumatatu, ingawa mumewe alikuwa ameshasema mjini haendi mtu, walichoandika askari kinatosha. Walimkuta anachimba viazi kwenye mteremko unaoitazama njia na bwawa kwa pamoja. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, wa kanisa moja na Pelagia, na ilionekana wazi kwamba kutoa ushahidi kule kulikuwa kunamkosesha usingizi. Bernardo alikaa chini kwenye tuta ili asimwogopeshe, akamwomba aeleze upya, taratibu, tangu Pelagia alipotokea.

Alitokea upande wa kwake, Apolinaria alisema, kapu kichwani, anatembea njiani kama mtu yeyote. Alipofika karibu na kona akasimama. Halafu akaiacha njia mbio mbio, akajitupa mateteni, akachutama, akajifunika kaniki kichwani. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akatoka, akajipangusa, akajitwisha kapu lake na kuendelea na safari.

"Kapu lilikuwa limepungua?"

Halikupungua. Majani yalikuwa yamening'inia vilevile.

"Uliwaambia hivyo waliokuja kukuuliza?"

"Waliniuliza kama alijificha. Nikasema ndiyo, alijificha."

Sasa lilibaki swali moja, lile ambalo Shaban aliliuliza kwa sauti tatu na kurudi mikono mitupu. Mtu anayetembea kwa amani anaiacha njia ghafla. Kuna kitu amekiona au amekisikia.

"Alisikia nini pale kwenye kona?"

"Kengele ya baiskeli," alisema Apolinaria.

"Ya nani?"

Mwanamke yule alimtazama Shaban, akaitazama ardhi, akachomeka jembe kwenye tuta. "Yako, afande," alimwambia Bernardo.

Shaban alianza kucheka, akaona uso wa mwenzake, akanyamaza.

Jumanne ile Bernardo alikuwa anakwenda Goweko kwa habari za tumbaku iliyoibwa stesheni. Alipita pale asubuhi. Kwenye kona alipiga kengele, kama apigavyo kwenye kila kona, na mbele yake, kwa pembe ya jicho, aliona kaniki nyeusi ikitoka njiani na kuzama majanini. Hakujiuliza ni nani. Mwanamke anapokukimbia njiani namna ile, unajua tu kwamba ni mkwe wako au mkwe wa mtu mwingine anayekufananisha, na mwanamume aliyelelewa vizuri hageuki kuchungulia. Bernardo alikuwa amelelewa vizuri. Aligeuza uso upande wa pili, akakanyaga pedeli, akapita na kulisahau jambo lenyewe kabla hajafika Goweko.

Kesho yake wakamletea faili. Akasoma kwamba mwanamke amejificha kando ya bwawa la Mwasenga, asubuhi ile, pale pale, na jambo hilo halikumgonga. Alitafuta aliyemwona. Alimtuma mtu kumuuliza alijificha kwa nini. Na yule mama nyuma ya ukuta angejibuje? Ili ajitetee ingembidi amtaje mkwewe mbele ya askari, aseme huyu ndiye niliyemkimbia, naye yupo hapo hapo anasikiliza. Alinyamaza kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa inampeleka jela. Bernardo alitamani ardhi ya viazi ile ipasuke immeze. Alibaki amekaa juu ya tuta, kalamu mkononi, sikio lake likiwaka moto.

"Mbona hukusema tangu mwanzo?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya sajini.

"Nilidhani unajua," alisema Apolinaria.

Waliporudi Tabora walibeba debe la maji safi lenye kombe wazima na samaki watatu wadogo kutoka lile tawi ambalo mfereji haukulifikia, na kombe wengine wafu wa bwawani ndani ya mfuko. Mayala alikuja nao kwa gari moshi kutoka stesheni ya karibu. Jumamosi kabla ya adhuhuri Bernardo aliomba ruhusa ya kuingia kwa Inspekta, akaingia na makarai mawili.

Pelagia aliletwa. Alikaa sakafuni karibu na ukuta, kaniki imemfunika kichwa mpaka kidevuni. Karani alikuwepo, Mayala alikuwepo, Shaban alisimama mlangoni. Bernardo alitoa kidhibiti kabatini, akachukua konzi la utupa kutoka kapu lile lile, akautwanga mbele ya Inspekta na kuukamulia katika karai la kwanza. Samaki wakaanza kuzunguka kwa kichaa, wakageuka matumbo juu. Kombe wakafunga, wakatulia. Muda ukapita, Inspekta akavuta sigara yake mpaka mwisho. Kisha Bernardo akabadilisha maji, akangoja tena, na kombe mmoja akaanza kujifungua kidogo kidogo. Akamwomba Inspekta amguse kwa ncha ya penseli. Kombe akaifungia penseli.

Katika karai la pili aliweka kombe waliotoka bwawani, akawapasua mmoja mmoja, unga wa kijivu ukamwagika juu ya karatasi. Pembeni akaweka chupa ya maji ya mfereji wa Bwana Kinu, unga umetulia chini. Unga wa karatasini na wa chupani ulikuwa rangi moja. Akaeleza habari za Tanga na matumbawe, kwa kifupi. Akasema samaki walikuwa bado wanakufa wakati mshitakiwa yumo ndani. Mayala alipoulizwa kuhusu mfereji alijibu ukweli wote, hata blanketi na taa, akiwa ameangalia viatu vya karani.

Inspekta alikuwa mgeni lakini hakuwa mjinga. Aliuchukua ule unga kwa kidole, akausugua, akatikisa kichwa. Kisha akauliza kile ambacho Bernardo alijua toka kwenye tuta la viazi kwamba kitaulizwa. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha mezani. "Sawa. Tope naua samaki. Lakini kwa nini yeye jificha? Mtu hapana kosa hapana jificha."

Pale palikuwa na njia nyingine. Shaban angeweza kusema. Yangeweza kusomwa maneno ya Apolinaria. Lakini karatasi haihojiwi, na Shaban hakuwepo njiani asubuhi ile. Aliyekuwepo ni mmoja. Bernardo alisimama wima kama anayekaguliwa.

"Alinikimbia mimi, bwana. Huyu ni mama mkwe wangu. Kwetu mama mkwe hakutani na mkwewe njiani. Alisikia kengele yangu, akaingia mateteni. Nilimwona kwa macho yangu, nikageuza uso."

Nyuma ya kaniki ilitoka sauti ndogo, kama ya mtu aliyeungua kidole. Mayala, ambaye alikuwa na aibu yake ya kumtosha, alijiziba macho kwa kiganja. Kumwona mkwe ni jambo moja, hutokea. Kusema umemwona, mbele yake, mbele ya wanaume wanne na mmoja wao Mzungu, Bernardo hakuwahi kusikia mtu aliyefanya hivyo.

Inspekta alichukua muda kuelewa, na alipoelewa akawa mwekundu. Alitaka kujua tangu lini sajini anapeleleza kesi ya jamaa yake na kufunga mdomo. Alisema mengi, mengine kwa Kiingereza, na alisema habari za tepe za sajini zitazungumzwa Jumatatu badala ya kesi. Bernardo aliitikia ndiyo bwana kwa kila moja, maana kila moja lilikuwa kweli. Mayala aliamriwa arudi Mwasenga akawaite watu wote, azibe mfereji mbele yao, na aseme kwa kinywa chake kilichoua samaki. Kuhusu Bwana Kinu, Inspekta alisema atawaandikia wakubwa wa migodi, na aliyasema hayo huku ameshaanza kutafuta kofia yake. Kisha akaandika neno moja kwenye faili na kulifunga. Pelagia alikuwa huru.

Koleta alikuwa anangoja nje chini ya ukuta, na nguo safi ndani ya kitambaa. Shaban alimtoa mama kwa mlango wa nyuma. Bernardo alitaka kupita upande mwingine na kutokomea, lakini hapakuwa na upande mwingine, ua lile lina lango moja. Akasimama kando ya lango, kichwa chini, ili wapite.

Nyayo zikaja, zikasimama mbele yake. Aliziona: miguu mikavu, yenye vumbi, kidole kimoja kimepinda. Hazikuondoka.

"Umesema umeniona," alisema Pelagia. Alisema naye moja kwa moja, bila mtu wa kati, na Koleta akashtuka. "Haya. Nione."

Ilimchukua muda kuinua kichwa. Yule mama alikuwa ameshusha kaniki mabegani. Alikuwa na uso wa Koleta, uleule, uliozeeka. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kwa uvimbe, weusi umeteremka mpaka shavuni, na mdomo umepasuka, kidonda kimeshaanza kushika kigaga. Hakikuwa cha leo wala cha jana. Kilikuwa cha Jumanne, siku aliyokamatwa. Alikaa nacho nyuma ya ukuta wakati wote ule, na Shaban amekiona, na mlinzi amekiona, na kila mmoja alidhani sajini anajua.

"Nani amekupiga, mama?" aliuliza Bernardo.

"Leo ndiyo unauliza," alisema Pelagia.

Akaipandisha kaniki kichwani, akampa Koleta mkono, wakatoka langoni na kushika njia ya Gongoni.